Acha, na Fanya

Katika Kiswahili kuamuru ni jambo jepesi. Kitenzi kikivuliwa viambishi vyake, kinachobaki ni amri: soma, kaa, toka, acha. Nilipokuwa nikifundisha lugha hii darasani, nilipenda kuwaonyesha wanafunzi kwamba hakuna umbo la kitenzi lililo fupi kuliko hilo. Lakini kila mzazi anajua kwamba neno kuwa fupi si sababu ya kuwa na nguvu. Nguvu ya amri inatokana na yule anayeitoa, na zaidi inatokana na yule anayeisikia, kama atakubali kuitii au atatafuta mlango wa nyuma.

Mimi si mwanasheria. Hata hivyo nimekuwa nikisoma habari za mashauri kwa miaka mingi, na naona kwamba amri za mahakama, pamoja na majina yake mazito, zinaweza kugawanywa katika mafungu mawili ambayo hata mtoto anayaelewa. Ziko zinazosema "acha" na ziko zinazosema "fanya".

Inayojulikana zaidi katika fungu la kwanza ni zuio. Mtu anakwenda mahakamani kabla nyumba yake haijavunjwa au shamba lake halijauzwa, na anaomba mambo yasimame hapo yalipo mpaka shauri limalizike. Mwaka 1969 Jaji Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Telford Georges, alieleza masharti matatu ya kutoa zuio la muda, ambayo mahakama zetu zimeendelea kuyafuata. Lazima kuwe na jambo zito la kuamuliwa, na dalili kwamba mwombaji anaweza kushinda. Lazima kuwe na hatari ya madhara yasiyoweza kurekebishwa baadaye. Tena lazima ipimwe ni nani ataumia zaidi, mwombaji akinyimwa zuio au mpinzani wake akizuiwa. Sharti la pili wazee walikwisha kulisema kwa maneno machache: maji yakimwagika hayazoleki.

Ziko pia amri zinazoelekezwa kwa wenye madaraka. Hizi zilitoka Uingereza, ambako zamani zilitolewa kwa jina la mfalme, nazo zikaingia Tanganyika pamoja na sheria za Kiingereza zilizopokewa mwaka 1920. Moja hufuta uamuzi uliofanywa kinyume cha sheria. Ya pili hukataza uamuzi kama huo usitekelezwe. Ya tatu huitwa mandamus, neno la Kilatini lenye maana ya "tunaamuru", nayo humlazimisha mwenye ofisi kutimiza wajibu wake. Tazama, msomaji, jinsi mambo yalivyogeuka. Chombo ambacho mfalme alikitumia kuwaamuru watu wake, leo mwananchi wa kawaida anaweza kukiomba ili mtawala aamriwe.

Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, ni miongoni mwa watu wa kwanza nchini kwetu kukitumia chombo hicho kwa ajili ya hewa wanayoivuta. Kwa miaka mingi taka za jiji zilikuwa zikimwagwa katika mtaa wao. Dampo lilikuwa likiwaka moto, moshi ukaingia majumbani, nzi wakazaliana, na harufu haikuwa na saa ya kupumzika. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka huo ulikuwa na maana yake. Haki za raia zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini ni mwezi Machi 1988 ndipo watu waliporuhusiwa kuzidai mahakamani.

Wakazi hao waliomba amri mbili. Ya kwanza, Halmashauri ya Jiji iache kumwaga taka Tabata. Ya pili, itengeneze dampo mahali ambapo halitadhuru watu. Yaani waliomba "acha", na waliomba "fanya". Mahakama ikawapa zote mbili.

Hapo ndipo unapoanza mwendo wa amri yenyewe, na ndipo penye mafunzo. Siku iliyofuata magari ya taka hayakukoma. Halmashauri ilirudi mahakamani kuomba iongezewe muda, ikapewa, kisha ikaomba tena. Miaka ikapita, na dampo likabaki pale pale. Mwaka 1991 ombi la namna hiyo lilimfikia Jaji Lugakingira, naye akalikataa. Alishangaa kwamba chombo cha umma kinaweza kuja mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akalihusisha jambo hilo na ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi. Kwa hoja hiyo takataka zikaacha kuwa suala la usafi peke yake, zikawa suala la uhai.

Tabata ikapumua. Lakini jiji halikuacha kuzalisha taka kwa sababu jaji ametia sahihi. Magari yaliyofukuzwa Tabata yakaelekea Kunduchi Mtongani, nako kulikuwa na makazi ya watu. Mwaka huo huo wa 1991 wakazi wa huko, zaidi ya mia saba, nao wakaenda Mahakama Kuu. Jaji Rubama akawapa amri zote tatu nilizozitaja: uamuzi wa kumwaga taka kwao ukafutwa, Halmashauri ikakatazwa kuendelea, na ikaamriwa kutafuta mahali panapofaa. Baada ya hapo taka zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na ilipofika mwaka 2007 dampo lilikuwa limehamia Pugu Kinyamwezi.

Nikiifuata safari hiyo kwenye ramani, naona wazi tofauti ya maneno yale mawili. "Acha" ni amri inayoweza kutekelezwa hata na mtu asiyependa. Anachotakiwa ni kugeuza gari. Tena ni rahisi kujua kama ametii, maana gari ama linaonekana ama halionekani. "Fanya" inataka ardhi, fedha, mpango, wataalamu, na mtu wa kulisimamia jambo baada ya hakimu kuondoka kitini. Asiyetaka kuitii hana haja ya kukataa. Anasema tu kwamba bado anajitahidi, na ni vigumu kumshitaki kwa kuidharau mahakama mtu anayesema anajitahidi.

Liko na jambo la pili linalonisumbua zaidi. Amri ya mahakama huwalinda waliofika mbele yake. Wa Tabata walilindwa, wa Kunduchi wakalindwa, lakini yule ambaye hakuwa na umoja, wala nauli, wala wakili, taka zilimfuata. Ukumbuke pia kwamba miaka ile hukumu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Mwananchi alikuwa akishinda kesi kwa maneno ambayo ilimbidi atafsiriwe.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaosema kwamba amri zile zilikuwa karatasi tupu. Kabla yake, mkazi aliyelalamika alikuwa mtu wa kuomba hisani, na ofisa angeweza kumwambia asubiri mpaka achoke. Baada yake, mkazi alikuwa na neno lililoandikwa, lenye muhuri, ambalo ofisa alilazimika kulijibu. Kule kuomba kuongezewa muda kwenyewe ni ushahidi. Asiyeiogopa amri haombi muda wa kuitimiza.

Kwa hiyo tuombe zuio pale panapostahili, na tushukuru tukilipata. Lakini tusiende nyumbani kulala. Jaji amemaliza kazi yake akishatamka. Wakazi wa Tabata walikaa na amri yao miaka mitatu, wakairudia mahakamani kila ilipotaka kusahauliwa, mpaka gari la mwisho likaondoka.