Mzigo Juu ya Gari: Historia ya Msamiati wa Uchukuzi katika Njia ya Dzaleka na Lilongwe, Malawi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mzigo unaobebwa nje ya gari, yaani juu ya paa au nyuma ya mlango uliofungwa kwa kamba, katika njia inayounganisha kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na jiji la Lilongwe. Kwa kutumia msamiati wa Kiswahili na Kichewa kama ushahidi wa kihistoria, makala yanafuatilia uchukuzi tangu misafara ya karne ya 19, kupitia Vita Kuu ya Kwanza, hadi amri ya mwaka 2023 iliyowataka wakimbizi warejee kambini. Hoja kuu ni kwamba kile ambacho leo huitwa "mzigo wa ziada" mara nyingi ndicho mtaji na makazi ya anayekisafirisha, na kwamba sera ya kuhamisha watu isiyohesabu mizigo yao hukamilisha nusu tu ya kazi yake.

1. Utangulizi

Kutoka Lilongwe hadi Dzaleka, wilayani Dowa, ni mwendo wa takriban kilometa 40. Gari hufuata barabara ya M1 kuelekea kaskazini, kisha hukata kuelekea Dowa. Msafiri wa njia hiyo huona godoro lililokunjwa na kufungwa kwa vipande vya tyubu juu ya paa la teksi, basi dogo lenye mlango wa nyuma usiofungika kwa sababu ya magunia, na baiskeli iliyolazwa juu chini kwenye keria. Aghalabu mandhari haya hutajwa katika mijadala ya ajali au ya umaskini. Ni nadra kuyasoma kama kumbukumbu ya historia, nasi tunakusudia kuyasoma hivyo.

Dzaleka ina historia nzito. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, mahali hapo palikuwa gereza, na jina lenyewe hufasiriwa kwa kitenzi cha Kichewa *kuleka*, yaani kuacha: mfungwa aliahidi kwamba hatarudia. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho lugha ya mawasiliano mapana sokoni, makanisani na katika vituo vya magari. Ndiyo maana uchukuzi wa mizigo katika njia hii ni suala la historia ya Kiswahili kama ulivyo suala la historia ya Malawi.

2. Kichwani na begani: msamiati wa misafara

Kiswahili hakikufika Malawi kwa mara ya kwanza pamoja na wakimbizi. Tangu miaka ya 1840, Nkhotakota, katika ukingo wa magharibi wa Ziwa Malawi, ilikuwa makao ya wafanyabiashara waliohusiana na pwani chini ya watawala waliojulikana kwa cheo cha Jumbe. Pembe za ndovu, pamoja na watu waliotekwa na kuuzwa, walivushwa ziwa kwa majahazi, kisha wakasafirishwa kwa miguu hadi Kilwa. Kaskazini, huko Karonga, Mlozi bin Kazbadema alipigana na Kampuni ya African Lakes kuanzia mwaka 1887, hadi alipokamatwa na kunyongwa na Waingereza mwaka 1895. Karonga hiyohiyo ndiyo wilaya ya kwanza ya Malawi anayoikanyaga mkimbizi wa leo anayevuka mpaka wa Songwe akitokea Tanzania.

Msamiati wa misafara ulikuwa sahihi sana. Kitenzi *kupagaa*, kubeba begani au mgongoni, kilizaa *mpagazi* na *upagazi*. *Kujitwika* ni kujiwekea kichwani na *kutua* ni kuuweka mzigo chini. *Mzegamzega* ni mti wenye mzigo kila ncha. *Mtumba* ulikuwa robota la nguo lililofungwa kwa kipimo cha mchukuzi mmoja, kama frasila mbili, na frasila ni karibu kilo 16. Kila mtumba ulikuwa na mtu wake, na kila mtu alikuwa na posho yake. Katika mfumo huo hapakuwa na mzigo wa ziada: ama palikuwa na mpagazi wa kuubeba, ama uliachwa.

Kichewa kinashuhudia urithi uleule wa Kibantu. Kitenzi *kutula* ndicho *kutua* cha Kiswahili, ambacho kimepoteza sauti /l/ kati ya irabu. Na mpaka leo mtu anayejiuzulu husemwa kwa Kichewa kuwa ameutua wadhifa wake chini. *Nkhata*, pete ya majani au kitambaa inayowekwa kichwani chini ya mzigo, ndiyo *kata* ya Kiswahili. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeingia Malawi anakuta kwamba vitendo vya kubeba na kutua tayari vina majina anayoweza kuyatambua. Kinachotofautiana ni jina la jumla la mali yenyewe: huku *mzigo*, kule *katundu*.

3. Kariakoo na tengatenga: mzigo unapohesabiwa kuliko mtu

Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viligeuza upagazi kuwa kazi ya shuruti ya dola. Katika Afrika Mashariki ya Kiingereza kikosi cha wachukuzi kiliacha jina lake katika Kiswahili, *Kariakoo*, ambalo leo ni soko kuu la Dar es Salaam. Katika Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati huo, wachukuzi waliitwa *tengatenga*, kutokana na *kutenga*, kuchukua. Neno hilo linafanana kwa sauti na *tenga* la Kiswahili, kikapu kikubwa cha kuchukulia kuku au nyanya, ila kufanana kwa sauti pekee hakutoshi kuthibitisha unasaba.

Wachukuzi hao walibeba risasi, unga na vifaa vya majeshi kwa maelfu, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Makasha yaliandikwa katika daftari za ghala kwa uzito na idadi. Vifo vya waliobeba makasha havikuandikwa kwa uangalifu huo. Jambo hili tutalirejea, kwa kuwa karne moja baadaye uhusiano huo uligeuka.

4. Mzigo unapopanda gari

Barabara za magari zilipoenea, mzigo ulihama kutoka kichwa cha mtu kwenda kwenye paa la gari, na msamiati ukabadilika. *Mpagazi* alibaki katika vitabu vya historia. *Utingo* na *tanboi* wakachukua nafasi yake kwenye malori, na *kondakta* kwenye mabasi. *Keria* na *buti* yaliingia kutoka Kiingereza. *Mtumba*, kwa wingi *mitumba*, ulisalia kama jina la nguo kuukuu zinazouzwa. Kichewa kilifuata njia nyingine: nguo hizo huitwa *kaunjika*, kutokana na *kuunjika*, yaani kurundika. Kiswahili kinakumbuka jinsi nguo zilivyofungwa, Kichewa jinsi zinavyomwagwa sokoni.

Kutokana na mabadiliko hayo, mzigo haukuwa tena na mchukuzi wake. Abiria hulipia kiti, na mzigo hujadiliwa kando, kwa bei isiyoandikwa popote. Hapo ndipo dhana ya "ziada" ilipopata nguvu. Tanzania inatoa mfano mwingine wa dhana hiyo katika neno *lumbesa*, gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba. Lumbesa imepigwa marufuku na Wakala wa Vipimo kwa sababu mnunuzi hulipa gunia moja na kuchukua zaidi. Hata hivyo, lumbesa na mzigo wa paani si kitu kimoja. Ziada ya lumbesa humpunja mkulima, ilhali mzigo wa paani kwa kawaida hulipiwa na mwenyewe.

Hatari za mzigo wa nje ni za kweli. Mzigo ulio juu huinua kitovu cha uzito, hivyo gari hupinduka kwa wepesi zaidi kwenye kona. Mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba ukiwa wazi huruhusu moshi wa injini kuingia walipoketi abiria, na magunia yanayotokeza huziba taa na namba za gari. Mshauri wa sera anayetaja hatari hizi hakosei. Anakosea anapodhani kuwa kuondoa mzigo paani ni kuondoa haja ya kuusafirisha.

5. Lugha ya kupakia Dzaleka

Katika njia ya Dzaleka, upakiaji hufanyika kwa lugha zaidi ya moja. Mkongomani husema *motokari* pale Mtanzania anaposema gari na Mmalawi *galimoto*. Lori kwake ni *kamio*, kutoka Kifaransa. Gari la wazi linalochukua abiria na mizigo kwa malipo huitwa *matola*, neno la Malawi ambalo wasemaji wa Kiswahili wa kambini wamelichukua bila kulibadili. Mapatano ya bei huanza kwa "kaka" au "mama" na huishia kwa "achimwene", namna ya heshima ya Kichewa ya kumwita ndugu wa kiume. Anayeyajua maneno yote mawili hupata nafuu ya bei, kwa kuwa haonekani mgeni.

Haja ya kusafirisha mizigo inatokana na sheria. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo Desemba 1987, lakini kwa kuweka pingamizi kuhusu vifungu kadhaa, vikiwamo vya kazi ya ujira na uhuru wa kwenda. Sheria ya Wakimbizi ikafuata mwaka 1989. Mkimbizi anatakiwa kuishi kambini, ilhali bidhaa za jumla ziko Lilongwe. Soko la Dzaleka huwahudumia pia wanavijiji wa Dowa. Basi dogo lililofungwa magunia nyuma ndilo linalounganisha sheria hiyo na soko hilo. Tukiuita mzigo huo "ziada", tunasema kwamba chakula cha kambi na duka la kijiji ni ziada.

6. Mwaka 2023: mtu anapohesabiwa kuliko mzigo

Mwaka 2021 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, na Mahakama Kuu ikazuia kwa muda utekelezaji wa agizo hilo. Machi 2023 agizo lilirudiwa, tarehe ya mwisho ikiwa 15 Aprili. Serikali ilitaja sababu za usalama na ushindani wa biashara. Kuanzia 17 Mei vyombo vya dola viliendesha misako mjini Lilongwe, na watu, wakiwamo watoto, walipelekwa Dzaleka. Maduka yalifungwa.

Kwa mwanahistoria wa uchukuzi, swali la kwanza ni jepesi: mali ilisafirije? Aliyepata siku chache na fedha ya kukodi matola alifunga alichoweza juu ya gari. Aliyekutwa na msako aliondoka na alichokuwa amekishika. Friji la duka, cherehani, mabati na shehena ya sabuni havitoshei mikononi. Misako hiyo ilihesabu vichwa, na wala haikuwa na safu ya kuandika mali. Katika Vita Kuu ya Kwanza kasha lilikuwa na daftari na mchukuzi hakuwa nalo. Mwaka 2023 mtu alikuwa na orodha na mzigo wake haukuwa nayo. Katika hali zote mbili hasara ilimwangukia mtu yuleyule, anayebeba.

Athari zake hazikuishia kwa mkimbizi. Aliyepoteza mtaji Lilongwe alifika kambini akiwa mhitaji wa msaada, ilhali jana yake alikuwa akijilisha. Mwenye nyumba wa Kimalawi alipoteza mpangaji, na mwenye gari alipoteza mteja wa kila wiki. Kambi iliyokuwa tayari na watu zaidi ya mara nne ya iliokusudiwa ikaongezewa watu wasio na kitanda.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba mzigo wa nje ya gari ulizaliwa pale mchukuzi alipoondolewa na nafasi yake isijazwe na kanuni yoyote. Kutokana na hilo, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, agizo lolote la kuhamisha watu liambatane na orodha ya mali, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kichewa, nakala moja ibaki kwa mwenyewe. Pili, magari ya mizigo yatengewe fedha sawasawa na magari ya abiria, na muda wa kufunga mizigo utajwe wazi katika agizo lenyewe. Tatu, katika njia ya Dzaleka, usalama barabarani utafutwe kwa kuweka viwango vya keria, uzito na ufungaji, pamoja na safari maalumu za mizigo siku za soko. Marufuku pekee huhamishia mzigo kwenye matola ya usiku. Nne, wanaleksikografia wa Kiswahili wakusanye msamiati wa uchukuzi wa Dzaleka sasa, wakati waliotumia *motokari*, *kamio* na *matola* katika sentensi moja bado wapo pamoja.

Pendekezo la kwanza halihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Linahitaji karatasi, kalamu, na afisa anayejua kuuliza kwa lugha ya anayeulizwa: umebeba nini, na umeacha nini nyuma?