Kiingereza Kilipopoteza Miisho Yake

Kwa miaka mingi nilisahihisha insha za Kiingereza kwa kalamu nyekundu. Leo naona kwamba mara nyingi niliadhibu lisilo kosa, nikaliacha kosa lenyewe bila maelezo. Historia ya lugha hiyo ndiyo iliyonizindua.

Katika Kiingereza cha kale, nomino na vibainishi vilibadilika umbo kulingana na kazi yake katika sentensi. Mfalme aliyetenda aliitwa *se cyning*. Aliyetendwa, *þone cyning*. Mshairi aliweza kumtanguliza mtendwa na msikilizaji asipotee. Lakini silabi za mwisho zilizidi kufifia katika matamshi. Wenyeji wakachanganyika na walowezi wa Skandinavia, ambao lugha yao ilifanana na yao kwa mashina ya maneno, si kwa miisho. Kisha, mwaka 1066, Wanormani wakaiteka nchi, na Kiingereza kikapoteza nafasi yake katika maandishi ya dola. Kufikia karne ya 15 miisho mingi ilikuwa imetoweka, na mzigo wake ukabebwa na mpangilio: kiima, kitenzi, yambwa.

Kiswahili hubebesha kitenzi mzigo huo. Tukisema "Kiti amekivunja mtoto," hakuna aulizaye nani kavunja nini, kwa kuwa *a-* na *-ki-* vimekwisha kujibu. Uhuru huo ndio unaotusaidia kupata vina. Hata hivyo una mpaka: "Asha amemwita Juma" ikipinduliwa, maana nayo hupinduka, maana wote wawili ni wa ngeli moja.

Basi mwanafunzi aliyetanguliza yambwa katika Kiingereza hakuwa mzembe; alifuata mantiki ya lugha yake. Sikumweleza hilo. Nilishughulika kufuta vihusishi vilivyokaa mwisho wa sentensi, nikidhani hiyo ni sheria ya tangu na tangu. Kumbe John Dryden ndiye aliyeulaumu mtindo huo mwaka 1672. Na Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, alisema tu kwamba kukitanguliza kihusishi kunafaa zaidi katika maandishi ya heshima. Waliofuata wakageuza pendekezo kuwa amri.

Siku hizi nikipewa sentensi ya Kiingereza niikague, nauliza mawili kwanza: nafasi za maneno zinaonyesha nani katenda na nani katendwa? Kila kielezi kiko karibu na neno kinalolieleza? Yakijibika, kalamu nyekundu naiweka chini.