Malengo binafsi ya elimu kwa watoto wadogo wenye ulemavu (Tarime na Serengeti)

Lengo binafsi la elimu ni maelezo mafupi ya maandishi yanayotaja stadi ambayo mtoto fulani mwenye ulemavu anatarajiwa kuipata kwa muda uliopangwa, mazingira atakamoionyesha, na kipimo cha kuthibitisha kwamba ameipata. Huwekwa ndani ya mpango wa elimu wa mtoto husika. Marekani iliufanya mpango wa aina hii kuwa takwa la sheria mwaka 1975. Nchini Tanzania msingi wake ni elimu jumuishi: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki ya kusoma katika mazingira jumuishi, na Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu.

Shule za mwanzo za watoto wenye ulemavu, kama Buigiri ya wasioona (1950) na ile ya viziwi Tabora (1963), zilikuwa mbali sana na mkoa wa Mara, zilimo wilaya za Tarime na Serengeti. Mtoto anaposoma jirani na kwao, mzazi hupatikana, na lengo linaweza kuanzia kwenye maisha ya nyumbani. Nafasi hiyo haifai kupotezwa.

Ugumu wa kwanza Tarime na Serengeti ni lugha. Mtoto wa miaka mitano anayeingia darasa la awali huenda nyumbani husikia Kikurya, Kingoreme au Kiikoma tu, ilhali mwalimu anafundisha kwa Kiswahili. Asipojibu, pengine hasikii. Pengine hakuelewa agizo. Pengine jibu analo, ila kwa lugha ya mama yake. Anayempima kwa Kiswahili peke yake anaweza kuandika ulemavu wa akili pasipo na ulemavu wowote, au kuufumbia macho uziwi kwa kudhani mtoto ni mgeni wa lugha. Kwa hiyo mama, bibi au ndugu mkubwa aulizwe kwanza: nyumbani anaelewa nini, anaombaje chakula, humwitikia nani?

Lengo kama “ataboresha mawasiliano” halimsaidii mtu, kwa kuwa hakuna siku litakayosemwa limetimia. Linganisha na hili, la mtoto asiyezungumza: “Kufikia mwisho wa Juni, wakati wa uji, ataomba kuongezewa kwa ishara ya mkono au kadi ya picha, bila kukumbushwa, siku nne kati ya tano za masomo, kwa wiki mbili mfululizo.” Hapo kuna muda, mahali, tendo na kipimo. Muhimu zaidi, halimdai mwalimu kipindi cha pekee. Katika darasa lililojaa, lengo linalohitaji mwalimu akae na mtoto mmoja nusu saa kila siku hufa wiki ya pili. Lililofungamana na uji, kunawa mikono, kwenda chooni au wimbo wa asubuhi huendelea kuishi.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye bado anabebwa mgongoni huhitaji malengo ya namna nyingine: kuketi bila kuegemezwa kwa muda wa hadithi moja, au kushika kikombe kwa mikono miwili. Kiti cha kona cha kumsaidia kuketi, kilichochongwa na seremala wa karibu, wa Mugumu au wa Sirari, kinaweza kutajwa ndani ya lengo kama sehemu ya mazingira yake. Malengo mawili au matatu kwa muhula yanatosha. Kumi huwa orodha isiyosomwa.

Kumbukumbu ya maendeleo nayo iwe nyepesi: alama moja daftarini kila siku, kisha kikao na mzazi mwisho wa muhula. Mzazi asiyesoma asomewe kwa lugha yake na aonyeshwe tendo lenyewe.

Nakala moja ikae kwa mzazi. Familia za Wakurya zina ndugu pande zote mbili za mpaka wa Sirari, na mtoto anaweza kuhamia Kenya, ambako vituo vya upimaji wa kielimu vilianza mwaka 1984. Nakala hiyo iwe na tarehe, kipimo cha mwisho, na lugha iliyotumika kumpima.