Hirimu Moja, Kijiji Kimoja

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mtu alizaliwa katika kijiji cha ukoo wake, akakua miongoni mwa baba zake wakubwa na wadogo, akaoa, akazeeka, na alipofariki akazikwa na watu wa damu yake. Wanyakyusa, ambao nchi yao yaanzia kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, ikashuka kwa mabonde ya migomba hadi tambarare za Ziwa Nyasa, walifuata mpango mwingine ambao mfano wake ni nadra mno kuonekana kwingineko: jirani wa mtu mzima, yule aliyepakana naye kiambo kwa kiambo hadi siku ya mauti, alikuwa ndiye yule yule aliyechunga naye ng'ombe utotoni. Nasaba ilikuwa na kazi zake, yaani mirathi, mahari na matambiko; lakini mahali pa kukaa, watu wa kula nao na wa kuulizana hali kila asubuhi, hayo yalikuwa ni mambo ya hirimu.

Mtoto wa kiume alipofikia miaka sita hivi alipelekwa machungani pamoja na watoto wa majirani, na huko, mbali na macho ya wazee, wakajipatia kiongozi wao, aghalabu kwa nguvu za mikono. Walipotimiza miaka 10 au 11 waliwaachia wadogo zao mifugo, wakaanza kushika jembe katika mashamba ya baba zao, na tangu hapo haikuwa tena adabu walale katika nyumba za wazee. Basi walijenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji, kwanza vya matete, vya mzaha mzaha, kisha vya mianzi vilivyosimama barabara. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wala hawakwenda mmoja mmoja: kundi zima liliingia kwa mama wa huyu, likala, likatoka likaenda kwa mama wa yule, na mwanamke aliyeona ua wake umejaa wavulana wa watu alijua kwamba mwanawe amekubaliwa na wenziwe, akapika zaidi.

Sababu ya kuwatenga vijana na wazazi ilikuwa staha. Wanyakyusa waliona ni aibu isiyovumilika mambo ya faragha ya baba na ya mwana kukutana chini ya paa moja, na zaidi ya hayo mke wa mwana hakuruhusiwa kabisa kuonana na baba mkwe wake. Akimwona njiani alijificha, na jina lake hakulitamka. Maadamu mwana ataoa, na mkewe hatakiwi kuonekana na mzee, lazima kuwe na nafasi kati ya nyumba hizo mbili, na nafasi hiyo ndiyo iliyozaa kijiji kizima kiitwacho ipanga.

Wavulana wadogo waliruhusiwa kujiunga kwa muda wa miaka mitano hadi minane hivi, kisha wakubwa wakafunga mlango, na waliochelewa wakaanzisha kijiji chao. Wakiwa wanaume 30 hadi 50 walioa, wakapewa ardhi, wakazaa, na watoto wao nao wakaja kujenga pembezoni. Monica Wilson, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, na mumewe Godfrey, Mwingereza, wote wawili wataalamu wa elimu ya mila, waliokaa katika nchi hii kwa vipindi kati ya mwaka 1934 na 1938, waliyaandika haya kwa uangalifu mkubwa, na kitabu cha Bibi Wilson kilichotoka mwaka 1951 kiliwatambulisha Wanyakyusa katika vyuo vikuu vya dunia kwa jambo hili hasa. Waliyoyasikia kila siku kwa wenyeji ni kwamba mtu hupata akili na adabu kwa kukaa na wenzake, kwa kula nao na kuzungumza nao, na kwamba mtu alaye peke yake hana budi kutiliwa shaka.

Nasisitiza neno hilo la shaka, kwani waandishi wengine wameipamba desturi hii kama kwamba ilikuwa ni mapenzi matupu. Sivyo. Usuhuba ulikuwa na nguvu ya kuadhibu. Iliaminika kwamba mtu akiwadharau majirani zake, akachinja asiwaalike, au akawatukana wazee wake, minong'ono ya watu waliokasirika humshukia kama baridi, naye huugua. Baridi hiyo waliiita embepo sya bandu. Dawa yake ilikuwa kukiri kosa, kuchinja, kupika pombe ya ulezi na kuwakalisha jirani zake chini wale. Hivyo karamu ilikuwa malipo ya deni. Aliyekuwa na ng'ombe wengi hakuweza kustarehe nao peke yake huku hirimu yake ikimtazama kutoka kwenye migomba ya jirani.

Mara moja katika kila kizazi mambo yote yaligeuzwa. Wanawe wakubwa wa mtawala, malafyale, walipofikia umri wa utu uzima pamoja na hirimu zao, wazee waliwakabidhi nchi katika sherehe iitwayo ubusoka. Mioto yote ya nyumbani ilizimwa, ukapekechwa moto mpya, na kila nyumba ikawashwa kutoka kwa moto huo mmoja. Miti ikapandwa kwa jina la watawala wapya, na nchi ikagawanywa kati ya ndugu wawili wakuu. Wazee wakasogea pembeni, vijana wakachukua ardhi na ulinzi. Kwa hiyo wale waliokuwa wakikimbizana machungani walijikuta wanaitawala nchi pamoja, kila mmoja akizijua vema tabia za mwenziwe, nzuri na mbaya.

Taarikhi hii, kama inavyosimuliwa mara nyingi, ni ya wanaume, nami naona ni dhuluma kuipita hivi hivi. Binti alichumbiwa angali mdogo, na alipohamia kwa mume alikuta majirani ambao hirimu yao ilikuwa ya mumewe. Wenzake wa utotoni aliwapata kwa mara ya mwisho katika siku za kuwekwa ndani kabla ya ndoa, walipokaa naye wasichana wadogo kumhudumia na kumliwaza. Kisha kila mmoja alikwenda alikopelekwa. Mwanamume alizeeka na rafiki zake, ilhali mwanamke aliwaaga akiwa msichana, akaanza kujenga usuhuba upya miongoni mwa wake wa watu asiowachagua. Kwamba wanawake wa Rungwe waliweza kuujenga, wakalima kwa zamu na kufarijiana katika misiba, ni kazi kubwa ambayo haijapata mwandishi wa kuipa haki yake.

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1879, aliistaajabia nchi hii kwa usafi wa vijiji vyake na uzuri wa migomba yake. Baada yake walikuja wamisionari wa Moravian, waliofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na wale wa Berlin mwaka huo huo, kisha serikali ya Kijerumani, iliyojenga boma lake Tukuyu na kuliita Neu-Langenburg. Waliobatizwa walihamia karibu na misheni, wakawa na vijiji vyao ambamo wazee na vijana walichanganyika. Huo ulikuwa ufa wa kwanza.

Ufa wa pili, nao ndio ulioingia ndani zaidi, ulikuja kwa fedha. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwaita vijana kwa maelfu katika miaka ya 1930. Baadaye wakaenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika ya Kusini. Kijana aliyerudi na mshahara aliweza kununua ng'ombe wa mahari bila kumngoja baba yake, na aliyeweza kuoa mapema hakuwa na sababu ya kulima shamba la mzee kwa miaka kumi. Pamoja na hayo ikaja mibuni. Migomba na mashamba ya ulezi yaliweza kugawanywa upya wakati wa ubusoka, lakini mti wa kahawa huishi miaka mingi, na aliyeupanda hataki kuuacha kwa hirimu nyingine, atamwachia mwanawe. Alipofika Philip Gulliver kuchunguza mambo ya ardhi na ya wasafiri wa kazi katika miaka ya 1950, alikuta nchi imebanana, watu wakihamia Usangu kulima mpunga na Mbozi kulima kahawa. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa nchini, na ubusoka ukakosa mtu wa kukabidhi.

Hirimu zikahamia wapi? Kwa maoni yangu, zilihamia darasani. Shule iliwakusanya watoto wa umri mmoja, ikawatoa nyumbani kwa baba zao, ikawalaza bwenini, ikawalisha sahani kwa sahani, na ikawachagulia kiranja. Ni mambo ambayo wazee wao walikwisha kuyafanya kwa mianzi na matete. Katika Shule ya Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928 katika Mkoa wa Iringa, mwalimu mkuu Bryant Mumford alijaribu kwa makusudi kuzitia mila za makabila ya nyanda za juu katika maisha ya wanafunzi, lakini huko Rungwe hapakuhitajika mpango wa mwalimu yeyote. Mtu wa Rungwe akimtaja mwenziwe wa darasa la nne husema kwa uzito ambao mgeni hushindwa kuuelewa, kwa kuwa mgeni amezoea kudhani kwamba benchi la shule ni benchi tu.

Walipotawanyika, Mbeya, Kitwe, Dar es Salaam, usuhuba ulifuata njia zilizokuwapo. Barua zilibebwa na wasafiri. Matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yalisikilizwa kwa ukimya katika nyumba za wageni wa mjini, kwani jina la kijiji likitajwa lazima mtu afunge safari. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ilipita Mbeya na kuifanya safari iwezekane hata kwa mwenye mshahara mdogo. Na Tukuyu Stars, waliojulikana kwa jina la Banyambala, walipotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, timu ya mji mdogo wa mvua na migomba ikiwapita wakubwa wa Dar es Salaam, watu wa Rungwe walioko mbali walipata sababu ya kutafutana isiyokuwa ya msiba.

Lakini msiba ndio ulioendelea kuwa mkuu. Katika siku za ipanga, wanaume wa hirimu walifika kwa marehemu na mikuki na ngoma, wakacheza kwa nguvu mbele ya waliao, na asiyefika alitajwa. Leo vyama vya kuzikana vya mjini huandika majina na michango, na mwili husafirishwa takriban kilomita 900 kutoka Dar es Salaam ili uzikwe kando ya nyumba, penye migomba. Waliobaki nyumbani huchimba kaburi, hupokea wageni, huchinja na kupika. Walioondoka hutuma fedha kwa simu, na wengi hupanda basi la usiku. Wenyeji huipokea fedha kwa shukrani, lakini wakikaa jioni kuhesabu ni nani wa darasa lao aliyekuja, jina la aliyetuma tu huwekwa upande mwingine, na mwaka unaofuata, afikapo likizoni, huenda kwanza kwa mjane, akiwa na sukari na kitenge, kabla hajaingia kwao.