Binti Katika Vazi la Kiume: Habari za Sinema Moja ya Mahaba ya Hong Kong na Watu Walioitunga

Mtu wa pwani yetu aliyepata kukaa ndani ya majumba ya sinema ya Dar es Salaam au Mombasa katika miaka ya 1970, akiulizwa leo habari za Hong Kong, aghalabu atajibu kwa kukunja ngumi, maana bandari ile ya kusini ya China ilimfikia kwa mateke ya Bruce Lee na kwa vumbi la wapiganaji waliorukaruka juu ya mapaa. Jawabu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jawabu. Mwaka 1973, mwaka uleule ambao Bruce Lee alifariki dunia na sinema yake ya Enter the Dragon ikatapakaa ulimwenguni, sinema iliyoongoza kwa mapato katika Hong Kong yenyewe haikuwa hiyo, bali ilikuwa The House of 72 Tenants, mchezo wa kuchekesha ulioongozwa na Chor Yuen, juu ya wapangaji maskini waliobanana katika nyumba moja chini ya mwenye nyumba dhalimu, nao ulisemwa kwa Kikanton, lugha ambayo wenyeji wa mji ule huisikia kwa mama zao kabla hawajajua kutembea. Shujaa wao alikuwa akishangiliwa na dunia nzima, nao wenyewe walikuwa wamepanga foleni kwenda kusikiliza kicheko cha nyumbani.

Makala haya yahusu kicheko hicho, na hasa sinema moja ya mahaba na mzaha iliyotoka mwaka 1994, ambayo kwa Kikanton huitwa Gam Ji Yuk Yip, na ng'ambo ikapewa jina la He's a Woman, She's a Man. Maneno ya Kikanton maana yake ni matawi ya dhahabu na majani ya jedi, lile jiwe la kijani ambalo Wachina hulienzi kupita vito vyote, na tangu zamani ni istiari ya watu wa ukoo wa kifalme. Watu wa Hong Kong walikwisha kulitumia jina hilohilo kwa sinema ya Kimarekani ya mwaka 1953, Roman Holiday, ambamo Audrey Hepburn ni binti mfalme aliyetoroka jumbani na kuficha nasaba yake ili aonje maisha ya watu wa kawaida. Basi mtazamaji mzee wa mwaka 1994, alipoliona jina lile mlangoni pa jumba la sinema, alikwisha kubashiri kwamba ndani yumo binti mwenye siri.

Ili tuipe sinema hii kadiri yake, hatuna budi kwanza kutazama jinsi lugha yake ilivyokaribia kutoweka katika picha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Hong Kong ilikuwa na sinema za lugha mbili zilizoishi jirani bila usawa. Sinema za Kimandarini, zilizoanzishwa kwa wingi na mafundi waliohama kutoka Shanghai, zilipata fedha, rangi na majumba makubwa ya kupigia picha, kama yale ya ndugu wa Shaw waliyoyafungua Clearwater Bay mwaka 1961. Sinema za Kikanton zilipigwa kwa haraka na kwa gharama ndogo, hata nyingine zikapewa lakabu ya sinema za siku saba, nazo zilipendwa na wafanyakazi wa viwandani na watumishi wa nyumbani waliojiona wenyewe ndani yake. Kisha mwaka 1967 ukaanza utangazaji wa bure wa televisheni, uliomletea mtu Kikanton hadi sebuleni kwake, naye akaona hana haja ya kulipa kiingilio ili asikie lugha anayoisikia bure. Wanahistoria wa sinema husimulia kwamba katika mwaka 1972 haikutoka hata filamu moja ya Kikanton. Kilichoifufua ni mzaha. Baada ya wale wapangaji 72, ndugu wa Hui, yaani Michael mtungaji na mwongozaji, na Sam mwimbaji, walitoa Games Gamblers Play mwaka 1974, wakithibitisha kwamba maneno ya sokoni, matusi ya mapenzi na nyimbo za vijana kwa lugha ya mama huweza kujaza majumba. Tangu hapo Kikanton hakikuondoka tena katika sinema za mji ule.

Hilo ndilo chimbuko la kwanza la sinema yetu. Chimbuko la pili lina kina zaidi, nalo ni hekaya ya binti avaaye nguo za kiume. Wachina wote wanazo habari za Zhu Yingtai, msichana aliyejigeuza mvulana ili aende chuoni, akakaa na rafiki yake Liang Shanbo wakisoma pamoja, yule asijue kwamba aliye ubavuni pake ni mwanamwali, hata alipojua ikawa amechelewa, wakafa kwa huba na roho zao zikawa vipepeo. Katika jukwaa la Kikanton hekaya ya namna hiyo ilipata mwili na sauti kwa Yam Kim-fai, mwanamke aliyesifika kwa kucheza nafasi za kiume, mwenzi wake wa jukwaani akiwa ni Bak Sheut-sin katika nafasi za kike. Kundi lao la Sin Fung Ming, lililoundwa mwaka 1956, lilicheza tungo za ustadhi Tang Ti-sheng, kama ule wa binti mfalme aliyenywa sumu pamoja na mumewe usiku wa harusi yao. Nao akina mama wa Hong Kong walimpenda Yam kama mfano wa mwanamume muungwana, ilhali wakijua dhahiri kwamba ni mwanamke mwenzao. Mwanafunzi wake, Connie Chan Po-chu, aliipeleka sanaa hiyo katika sinema za miaka ya 1960, akivaa upanga na kilemba cha kiume mbele ya vijana waliomshangilia. Kwa hiyo mtazamaji wa Kikanton hakuhitaji kufafanuliwa kwa nini binti amevaa suruali na kukata nywele, kwani bibi yake alikwisha kulia machozi kwa ajili ya mtu kama huyo.

Mtu aliyeziunganisha chemchemi hizi mbili ni Peter Chan Ho-sun. Alizaliwa Hong Kong mwaka 1962, mwana wa mwongozaji wa sinema Chan Tung-man, akapelekwa Bangkok na wazazi wake akiwa bado mtoto, akasoma Marekani, na mwaka 1983 akarejea mjini alikozaliwa na kuanza kazi za chini katika sinema, miongoni mwake ile ya John Woo iliyopigwa Thailand. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alishirikiana na wenziwe, akiwamo Eric Tsang, aliyepata kuwa mcheza kandanda kabla ya kuwa mchekeshaji na mwongozaji, wakaunda kampuni ya United Filmmakers Organization, ijulikanayo kwa ufupi kama UFO. Hapo soko lilikuwa limejaa bastola na panga, na mwaka 1993 mijusi ya kale ya Jurassic Park ilivunja rekodi ya mapato mjini mule. Wale jamaa wa UFO wakachagua njia nyingine: kusimulia habari za watu wa mjini wa siku zao, wenye kazi, kodi ya nyumba, marafiki na mioyo iliyochanganyikiwa. Mswada wa Gam Ji Yuk Yip ulitungwa na James Yuen pamoja na Lee Chi-ngai, na kisa chake ni chepesi kwa kukihadithia.

Wing, msichana wa hali ya chini, amemhusudu mwimbaji Rose, na anayahusudu pia mapenzi ya Rose na Sam, mtunzi wa nyimbo aliyemfanya Rose awe nyota. Inapotangazwa kwamba Sam anatafuta mwimbaji mpya wa kiume, Wing anajigeuza mvulana ili apate tu kuwakaribia wapenzi hao, huku rafiki yake wa chumba kimoja, aitwaye Fish, akimfundisha mwendo na usemi wa kiume. Sam, aliyechoshwa na umaarufu wa watu wengine na kutaka kuonesha kwamba mtu yeyote anaweza kufanywa nyota, anamteua huyu mvulana asiye na sauti wala umbo. Kuanzia hapo mzaha unakuwa mtihani: Rose anavutwa na kijana huyo, na Sam mwenyewe, mwanamume asiyepata kuutilia shaka moyo wake, anaona kwa hofu kwamba anampenda mtu anayemdhania kuwa ni mwanamume mwenzake. Karibu naye yuko rafiki waliyemwita Auntie, ambaye Eric Tsang alimcheza kwa upole na heshima, mtu aliyekwisha kuujua moyo wake na kukubaliana nao. Hong Kong ilikuwa imeiondoa sheria iliyowatia hatiani wanaume waliopendana na wanaume wenzao mwaka 1991 tu, kwa hiyo swali lililomsumbua Sam lilikuwa likizungumzwa bado katika meza za mji. Mwishoni, ndani ya lifti, mahali ambapo Sam huogopa kuliko pote, anakiri kwamba awe mume au awe mke, alijualo yeye ni kuwa anampenda.

Kisa hicho kingekuwa mzaha wa kupita kama si wachezaji wake. Anita Yuen, aliyetwaa taji la ulimbwende la Hong Kong mwaka 1990, alikuwa na wembamba na wepesi wa kitoto ulioufanya uongo wa Wing usadikike, naye alipewa tuzo ya mchezaji bora wa kike ya Hong Kong mwaka 1995, ikiwa ni mara ya pili mfululizo. Carina Lau, aliyemcheza Rose, alizaliwa Suzhou na kuhamia Hong Kong katika ujana wake, akalazimika kujifunza Kikanton kabla hajawa mchezaji. Na mtu akimsikia akigomba, akibembeleza na kucheka kwa lugha hiyo, atajua ya kuwa lugha ya mama ni pia ile ambayo mgeni huitumikia kwa juhudi mpaka imkubali. Fish alichezwa na Jordan Chan, kijana aliyeanza maisha yake ya sanaa kama mcheza dansi.

Lakini nguzo ya sinema ni Leslie Cheung, mtoto wa fundi cherehani, aliyezaliwa mwaka 1956 na kusomeshwa Uingereza, akaibuka kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa Kikanton, kisha akaaga uimbaji mwaka 1989 na kwenda kukaa Kanada. Katika Rouge ya mwaka 1988 alimcheza kijana wa ukwasi anayempenda mwimbaji wa danguro, ambaye mara ya kwanza anamwona akiimba katika vazi la kiume; na katika Farewell My Concubine, iliyogawana tuzo kuu ya Cannes mwaka 1993, alikuwa mwanamume wa jukwaani anayecheza nafasi za kike hadi asijue mwisho wa mchezo na mwanzo wa nafsi. Alipokuja kumcheza Sam, basi, hakuwa mgeni wa maswali hayo. Bado hakuwa amerudi rasmi katika uimbaji, lakini sinema ilimtaka aimbe, naye akaimba. Wimbo wa Chui, maana yake kufuata au kukimbilia, ulitiwa muziki na Dick Lee wa Singapore na kutungiwa maneno na Albert Leung, ukapata tuzo ya wimbo bora wa sinema. Na mwaka 1995 sauti yake ilipotoka tena katika albamu, nyimbo za sinema hii zilikuwamo.

Yafaa tukumbuke mwaka wenyewe. Tamko la mwaka 1984 baina ya Uingereza na China lilikwisha kuamua kwamba tarehe 1 Julai 1997 Hong Kong itarejeshwa China, na mwaka 1994 kila familia ilikuwa ikipima kama ikae au ihame. Sinema hii haitaji siasa hata kidogo. Ila nadhani si kwa sadfa kwamba watu waliokuwa wakiulizwa kila siku wao ni nani hasa, walimpenda binti anayejibu swali hilo kwa kuvua vazi la kuazima na kumwendea ampendaye kwa sura yake mwenyewe.

Wahusika walirejea mwaka 1996 katika sinema ya pili, safari hii wakiwa na Anita Mui, yule mwimbaji wa danguro wa Rouge. Na mwaka huohuo Peter Chan akatoa Comrades: Almost a Love Story, iliyotwaa tuzo ya sinema bora ya Hong Kong mwaka uliofuata. Kisha ukaja mwaka wa huzuni. Tarehe 1 Aprili 2003 Leslie Cheung alijiua kwa kujirusha kutoka katika hoteli ya katikati ya mji, na tarehe 30 Desemba ya mwaka huohuo Anita Mui akafariki kwa saratani. Kila tarehe 1 Aprili inapofika, watu huweka maua mbele ya hoteli ile, na miongoni mwao wamo vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoimba Chui.

Msomaji atakayebahatika kuiona Gam Ji Yuk Yip, asiyakimbilie mara moja maandishi yaliyo chini ya picha. Na asikilize kwanza, hata kama hajui neno moja, jinsi sauti za Kikanton zinavyopanda na kushuka katika ugomvi wa Rose, katika porojo za Fish na katika ukimya wa Sam, akikumbuka kwamba lugha hiyo, miaka 22 kabla ya hapo, ilikuwa imekwisha kuandikiwa tanzia katika sinema. Haikuokolewa na serikali wala na chuo chochote. Waliiokoa watu walioendelea kuchekea ndani yake na kupendana kwayo, na huo ndio wosia wao kwa kila taifa lenye lugha ya kulinda, sisi wa Kiswahili tukiwamo.