Pepopunda: Fundisho la panya wa maabara kwa mkulima

KATIKA mashamba ya mahindi na miwa ya Misikhu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, jeraha la jembe au mwiba huonekana jambo dogo. Hata hivyo, udongo na samadi huweza kubeba vijimbegu vya bakteria wa pepopunda, ambao humdhuru mtu kwa sumu yao.

Dawa ya kwanza dhidi ya sumu hiyo ilijaribiwa kwa panya. Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil Behring na Shibasaburo Kitasato waliwadunga panya kiasi kidogo cha damu ya sungura aliyekwisha kukingwa. Baada ya saa 24 waliwaambukiza bakteria hao. Panya waliodungwa walibaki wazima, wenzao walikufa.

Utafiti wa karne hii umeendeleza jitihada hizo. Mwaka 2010, wanasayansi nchini Ufaransa walitangaza kemikali iitwayo Retro-2, ambayo huzuia safari ya sumu ndani ya seli. Katika seli za maabara, iliikabili sumu ya Shiga, itolewayo na bakteria wa kuhara damu. Kwa panya, ilikinga dhidi ya risini, sumu ya mbegu za mbarika, ambayo hupita njia iyo hiyo. Panya hao nao walipewa dawa kabla ya sumu.

Hapo ndipo binadamu anapotofautiana na panya wa maabara. Dalili za pepopunda, kama vile taya kukaza, kwa kawaida huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha. Wakati huo sumu imekwisha kuingia katika neva. Kingamwili anazodungwa mgonjwa huinasa sumu iliyosalia nje tu. Iliyokwisha kuingia haing'oki, na mgonjwa huuguzwa kwa majuma kadhaa hadi neva zipone.

Isitoshe, aliyepona hapati kinga, kwa kuwa kiasi cha sumu kinachoweza kuua ni kidogo mno kuuamsha mwili ujikinge. Naye pia hana budi kuchanjwa.

Kwa hiyo, chanjo ya watoto wachanga, ya wajawazito na ile ya kukumbushia kwa watu wazima ndiyo humweka mkulima katika nafasi ya panya waliosalimika. Jeraha lenye udongo lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, na majeruhi afike zahanati siku hiyo hiyo.