Jinsi ya kukokotoa eneo la uso wa bomba

FUNDI anayenuia kupaka mabomba rangi ya kuzuia kutu hana budi kujua kwanza eneo la uso wake. Akikosea hesabu, ama rangi itamwishia kazini ama atasalia na makopo yasiyohitajika. Mwanafunzi naye akikosea hupoteza alama ambazo angezipata kwa urahisi.

Bomba ni mcheduara, yaani silinda, ulio wazi ncha zote mbili. Likipasuliwa kwa urefu wake na kukunjuliwa, hugeuka mstatili. Upande mmoja wa mstatili huo ni urefu wa bomba, na ule wa pili ni mzingo wa mdomo wake. Kwa vile mzingo wa duara hupatikana kwa kuzidisha pai (22/7) kwa kipenyo, kanuni ni hii:

Eneo la uso wa nje = pai × kipenyo cha nje × urefu

Tuseme bomba lina kipenyo cha nje cha sentimita 14 na urefu wa mita 6. Kwanza, mita 6 zigeuzwe kuwa sentimita 600. Kisha:

22/7 × 14 × 600 = sentimita mraba 26,400

Mita mraba moja ina sentimita mraba 10,000, hivyo jibu ni mita mraba 2.64. Mabomba 100 ya aina hiyo yatakuwa na mita mraba 264. Ikiwa lita moja ya rangi hufunika mita mraba 10, fundi atahitaji lita 26.4 kwa mpako mmoja.

Makosa matatu hujitokeza mara kwa mara. La kwanza ni kuchanganya mita na sentimita. La pili ni kutumia nusu kipenyo mahali pa kipenyo, jambo linalopunguza jibu kwa nusu. La tatu ni kuongeza maeneo ya duara mbili za mwisho, ilhali bomba halina vifuniko.

Swali likitaka uso wote wa bomba lenye unene, uso wa ndani nao huhesabiwa. Unene ukiwa sentimita 1, kipenyo cha ndani huwa sentimita 12, na uso wa ndani ni takriban sentimita mraba 22,629. Kila ncha ina pete ya 22/7 × (49 − 36), yaani takriban sentimita mraba 41. Jumla yake yote ni karibu sentimita mraba 49,110.

Hesabu hii ina uzito mkubwa katika miradi ya taifa. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lililoanza kazi mwaka wa 1978 lilikuwa na kipenyo cha inchi 14. Lile lililoanza kutumika mwaka wa 2018 lina inchi 20, au sentimita 50.8, na urefu wa kilomita 450 hivi. Uso wake wa nje, unaopaswa kukingwa dhidi ya kutu, ni takriban mita mraba 718,000, yaani hektari 72.

Kipenyo kilipoongezeka kwa asilimia 43, uso nao uliongezeka kwa kiwango hicho hicho. Nafasi ya ndani, hata hivyo, iliongezeka karibu maradufu, kwani eneo la mdomo hutegemea mraba wa nusu kipenyo. Ndiyo sababu bomba moja pana huhitaji kinga kidogo kuliko mawili membamba yanayopitisha kiasi sawa.